Majina ya Njiani, Majina ya Nyumbani

Septemba 1871, pale Kwihara nje kidogo ya Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimletea Henry Morton Stanley zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa mtoto wa kiume, mtumwa, ambaye jina lake Stanley aliliandika Ndugu M'hali. Stanley hakulipenda jina hilo. Akawaita wakubwa wa msafara wake, akawataka wamtafutie mtoto jina zuri zaidi. Mmoja akasema aitwe Simba. Mwingine akasema Ng'ombe. Mwingine akataja Mirambo, na watu wakaangua kicheko, kicheko cha watu wenye hofu, maana wiki chache tu nyuma majeshi ya Mtemi Mirambo yalikuwa yameingia Tabora na kuichoma sehemu ya mji. Bombay, nahodha wa msafara, akaona Bombay Mdogo lingemfaa sana. Mwishowe Ulimengo, akiyatazama macho ya mtoto yalivyokuwa mepesi, akasema: Kalulu. Stanley akaagiza maji kwenye chombo cha bati, mtoto akashikwa juu ya maji, jina likatangazwa, na ikatolewa amri kwamba asitokee mtu wa kumnyang'anya jina hilo.

Aliyetoa amri hiyo ndiye aliyemnyang'anya jina lake la kwanza siku ileile.

Nimehudhuria akika na ubatizo wa kutosha hapa Tabora, na kila nikiisoma habari hii naona kwamba karibu kila kinachotakiwa kwenye shughuli ya kumpa mtoto jina kilikuwapo pale Kwihara. Maji yalikuwapo. Watu wazima walikuwapo. Mapendekezo yalibishaniwa na utani ulifanyika. Hata majumbani mwetu mambo huenda hivyohivyo: shangazi anataka hili, babu anataka lile, na kijana mmoja mpuuzi lazima apendekeze jina la mchezaji mpira. Kilichokosekana ni mtu wa kubaki na mtoto shughuli ikishakwisha. Hapakuwa na mama wala bibi, hapakuwa na jiko wala mlango ambao mtoto angeitwa kutokea ndani yake jua likizama. Tarehe 20 ya mwezi uleule msafara ukaondoka kuelekea magharibi, na jina likaondoka nao.

Wale waliomtafutia jina nao walikuwa watu wa majina ya kuokota. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi, na akarudi Afrika akiitwa kwa jina la mji: Sidi Mubarak Bombay. Aliwaongoza wasafiri Burton na Speke, akamwongoza Speke tena pamoja na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron, mpaka Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kikampa medali ya fedha. Jina alilopewa na mama yake halimo katika vitabu vya mabwana hao. Na Stanley mwenyewe hakuzaliwa Stanley. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, mtoto wa mama asiyeolewa, akalelewa katika nyumba ya serikali ya kutunzia maskini, na jina analojulikana nalo alilichukua ukubwani huko Marekani. Sitaki kumwonea huruma kupita kiasi, maana alikuwa mtu mkali kwa wapagazi wake. Ila inanishangaza kwamba mtu aliyejua uchungu wa kukosa jina la nyumbani hakumuuliza mtoto yule jina lake la kwanza alipewa na nani.

Kalulu alipelekwa Uingereza. Mwaka 1874 alikuwapo kwenye mazishi ya Livingstone pale Westminster Abbey, akasoma shule London kwa muda, kisha akarudi na Stanley katika safari ya kuvuka bara. Machi 1877 alikufa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo. Stanley akayaita maporomoko hayo Kalulu. Mtoto hakuwahi kuwa na nyumba ya kukaa na jina lake, na jina likaishia kupewa maji yaliyomuua.

Ninaandika haya nikiwa mama wa watoto watatu, Mnyamwezi wa hapahapa niliyeolewa na Mzaramo, katika nyumba ambayo haijaisha. Wengi wakisikia njia ya misafara hufikiri pembe za ndovu na minyororo, na ni haki yao kufikiri hivyo. Serikali ilipoipendekeza njia hii kwa UNESCO mwaka 2006, ilivitaja vituo vyake kuanzia Bagamoyo, ukapanda Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, ukafika Kwihara na kumalizia Ujiji, na jina lililoandikwa ni njia ya utumwa na pembe. Kwangu mimi, tangu nianze kulea, njia ile imekuwa pia mahali ambapo majina yalitolewa upesi kwa watu wasio na kwao. Na kulea, kwa jinsi ninavyokuona, ni kazi ya polepole ya kumjengea mtoto kwao pa kuliweka jina lake.

Kwetu Unyamwezini, na kwa ndugu zetu Wasukuma, jina la asili hueleza mtoto alivyofika. Mapacha ni Kulwa na Doto, na hapo hakuna mjadala. Anayezaliwa nyuma yao ni Shija, hata kama wazazi walikuwa na jina jingine moyoni. Aliyetanguliza miguu ni Kashindye. Wa kiume aliyekuja na mvua ni Mabula, wa kike Kabula. Nzala alizaliwa mwaka wa njaa. Maganga alikuja baada ya mganga kuhangaika. Ukikaa kwenye baraza la wazee Uyui au Sikonge na ukasikia wakiitana, ni kama unasomewa kumbukumbu za miaka: mwaka huu mvua ilikuwa nzuri, mwaka ule chakula kiliisha mapema, nyumba ile ilipata watoto wawili kwa mpigo.

Ninayapenda majina haya kwa sababu hayamdai mtoto kitu. Siku hizi mzazi hufungua simu usiku kucha akitafuta jina lenye maana ya ushindi, nuru, au ufalme. Simlaumu, na mimi nimeifungua simu hiyo. Lakini mtoto aitwaye Mshindi amezaliwa na deni, na atakapofeli mtihani wa darasa la saba jina lake litakuwa la kwanza kumcheka. Mabula hana deni. Mvua imeshanyesha, na wala hakuinyesha yeye.

Mtu mashuhuri kuliko wote waliopita katika shule za Tabora naye alikuwa mtoto wa mvua. Huko Butiama mwaka 1922 mtoto wa Mtemi Nyerere Burito aliitwa kwanza Mugendi, lakini baada ya wazee kumwendea mwaguzi jina likabadilishwa, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Baba yake naye alikuwa na jina la tukio: nyerere ni viwavi, waliovamia mashamba mwaka wa kuzaliwa kwake. Kijana aliyefika Tabora School mwaka 1937 alikuja kwa hiyo na mvua na viwavi pamoja. Julius lilikuja baadaye, kwa ubatizo, mwishoni mwa 1943. Alifundisha hapa St. Mary's, akaenda Edinburgh, na aliporudi mwaka 1952 alikwenda kwao kujenga nyumba ya tofali za udongo kwa ajili ya Maria, kabla ya ndoa yao ya Januari 1953. Msomi mwenye digrii akikanyaga udongo. Nchi nzima leo inaitika jina la viwavi na haisikii wadudu, kwa sababu jina limekaliwa na watu mpaka maana yake ya kwanza imehamia kwingine.

Yako pia majina ambayo mtu hujitengenezea ili yamtangulie barabarani. Mtyela Kasanda alijiita Mirambo, maiti, ili adui akilisikia aanze kukimbia kabla ya kumwona. Hamed bin Muhammed el Murjebi alijulikana kwa Tippu Tip, mlio wa bunduki zake kwa maelezo aliyoyapendelea mwenyewe, ingawa wengine husema ni kwa sababu ya macho yake yaliyopepesapepesa. Hayo ni majina ya njiani kwelikweli. Hayaitwi na mama akigawa chakula. Na angalia: baba yake Tippu Tip, aliyekuja Unyanyembe kama wafanyabiashara wengine, hakupata makao hapa kwa bunduki. Alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, akawa mkwe wa nyumba kubwa, na nyumba yake ya Ituru karibu na Tabora ikawa kituo cha biashara ya ukoo wao. Heshima ya mwanawe katika nchi hii ilipitia mlango wa mama wa kambo Mnyamwezi.

Kwa vijana wetu wenyewe njia na nyumba vilikuwa jambo moja. Alfred Swann, baharia wa London Missionary Society aliyekuja nchi hizi miaka ya 1880, aliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi hakuruhusiwa kuoa mpaka awe amebeba pembe kwenda Pwani na kurudi na kitambaa au waya wa shaba. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, begani, kupita Ugogo penye kiu na hongo, yaani ushuru wa kupita. Burton na Speke, wakitoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, walifika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba. Mnyamwezi alikwenda haraka zaidi yao, lakini hata kwake ilikuwa miezi. Wako waliosafiri na wake zao, na wako watoto waliozaliwa kambini katikati ya safari. Waliobaki nyuma walilima, walilea na waliezeka. Vitabu vya wasafiri vina kurasa nyingi za wapagazi wanaoondoka na chache mno za mwanamke anayeziba nyufa za ukuta ili mwenye mzigo akirudi akute panaitwa nyumbani.

Kama kuna kisa cha njia hii kinachonigusa kama mzazi, si kile cha Stanley na Livingstone kusalimiana kofia mkononi kule Ujiji, ambacho kila mtalii anakijua. Ni cha mwaka uliofuata. Livingstone na Stanley walirudi pamoja Kwihara Februari 1872. Machi Stanley akashika njia ya Pwani, na mzee akabaki katika nyumba ile ya tembe, ambayo leo ni makumbusho, akingoja wapagazi. Alingoja mpaka tarehe 25 Agosti. Mkewe Mary alikuwa amefariki miaka kumi nyuma, kule Shupanga kwenye mto Zambezi. Watoto wake walikuwa Uingereza wakikua bila yeye.

Mmoja wao aliitwa William Oswell. Alizaliwa mwaka 1851 safarini, kando ya mto Zouga huko Botswana ya leo, akapewa jina la rafiki wa baba yake, lakini nyumbani wakamwita Zouga. Livingstone, bila kujua, alikuwa amefanya wanachofanya bibi zetu Unyamwezini: mtoto ameitwa kwa mahali alipofikia. Sasa Zouga huyu, kijana wa miaka 20, alikuwa amekuja Zanzibar mwaka huohuo wa 1872 na msafara uliotumwa kumtafuta baba yake. Stanley akatokea Bagamoyo mwezi Mei na habari kwamba mzee yuko hai na ana mahitaji. Msafara wa kumtafuta ukavunjika. Kijana akafikiri, akashauriwa, akarudi Uingereza. Wapagazi waliokusanywa Pwani walipanda, wakafika Kwihara mwezi Agosti. Mwana hakupanda. Baba akaondoka na wapagazi, na Mei 1873 akafa kijijini kwa Chitambo. Waliomrudisha ni watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, na Oktoba mwaka ule mwili wake ulipita tena Kwihara ukiwa umekaushwa na kufungwa kwa magome na turubai.

Sina hukumu kwa kijana yule. Baba alimpa jina zuri la mto na hakumpa siku za kutosha za kuitwa. Mtoto hujua jina lake kwa kuitwa mara elfu: aje ale, aache kuchezea moto, ainuke kumekucha. Inahitaji mtu aliye karibu kiasi cha kuchoka.

Mary Livingstone aliitwa Ma-Robert na wenyeji wa kusini, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mumewe akaipa meli yake ya Zambezi jina hilohilo. Desturi hiyo tunayo sisi sote. Tangu binti yangu wa kwanza azaliwe mimi sokoni ni Mama Hawa, na wauza dagaa pale wanaonidai wasingeweza kunishtaki kwa jina langu kamili kwa kuwa hawalijui. Sisi ndio tunaomtangazia mtoto jina, kisha mtoto anatufuta letu na kutupa jipya. Wiki za mwanzo niligeuka nyuma kumtafuta huyo Mama Hawa anayeitwa.

Jina la Mwanahawa alilitoa bibi mzaa baba, kutoka Kisarawe, kwa simu, na kwa sauti ambayo haikuacha nafasi ya mjadala. Mama yangu alinyamaza. Mvua ilikuwa ikipiga bati la nyumba ya kupanga tuliyokuwamo, mvua ya Desemba ile ya kwetu isiyo na adabu. Akamchukua mtoto, akamtazama, akasema taratibu kama anayemwambia siri: Kabula. Hakumpinga mkwe wake na wala hakumtii. Mpaka leo binti yetu akiitwa Mwanahawa anasimama wima, maana huenda ni mambo ya shule. Akiitwa Kabula anakwenda jikoni moja kwa moja, anajua kuna michembe.

Fomu ya cheti cha kuzaliwa haina mstari wa Kabula. Ina jina la mtoto, la baba na la babu, na nchi nzima imezoea mtu kuwa na majina matatu. Majina hayo ni kama nyumba ya vyumba vitatu: akiingia mtoto mpya, babu wa baba yake anatoka nje. Hatoki kwa ubaya, ila nafasi imekwisha, na kizazi kimoja baadaye hakuna anayejua alikuwa anaitwa nani. Mama yumo kwenye cheti, kwenye mstari wake, lakini jina lake halisomwi darasani wala halichapwi kwenye kitambulisho cha mtoto. Kwa hiyo nadhani bibi zetu walijua wanachofanya. Jina la nyumbani ndilo mlango wa uani ambao wanawake wa ukoo huingilia. Haliombi muhuri wa mtu, na halisahauliki upesi, kwa sababu linaitwa na anayepika.

Nyumba nayo tunaijenga hivyohivyo, kwa kuingia kidogokidogo. Kiwanja chetu kiko upande wa Ipuli, kina mwembe mkubwa ambao fundi wa kwanza alitaka tuukate ili msingi ukae sawa. Tulikataa, tukasogeza msingi, na ndiyo maana sebule yetu imepinda kidogo na kila mgeni mwenye jicho la ufundi hutuambia. Miembe ya Tabora inasemekana iliachwa na misafara, kokwa za watu waliokula wakipita. Huu wetu ni mjukuu wa miembe hiyo tu, lakini ulitupa kivuli kabla ya kuwa na paa, na mwanamke anayejenga huku ananyonyesha hawezi kuudharau mti wa namna hiyo.

Tofali tulifyatua wenyewe wakati wa kiangazi, kwa udongo wa kichuguu, maana mafundi wa hapa watakwambia hakuna udongo unaoshikana kama ule uliokandwa na mchwa. Mwaka mmoja mvua iliwahi kabla hatujawasha tanuri, tofali mbichi zikarudi kuwa udongo, na mume wangu, mtu wa Pwani aliyekulia kwenye matofali ya saruji, akasema Wanyamwezi tumemroga. Msingi ukalala masika nzima. Majani yakaota mahali pa chumba cha kulala, na mbuzi wa jirani wakawa wapangaji wetu wa kwanza, wasiolipa. Baadaye boma likapanda mpaka kwenye renta, likasimama likingoja pesa. Wakulima wa Urambo na Kaliua hujenga kwa malipo ya tumbaku. Ukipita barabara ile baada ya masoko utaona mapaa mapya yanavyowaka juani, ingawa moshi wa sigara za watu wengine hauonekani. Sisi wa mjini tunajenga kwa mishahara na vikoba, yaani kwa mfuko wa saruji mmojammoja.

Huko Ulaya mtu hukopa benki, huingia kwenye nyumba iliyokwisha, kisha huilipa mpaka nywele zigeuke nyeupe. Sisi tunalipa kwanza na kuingia baadaye, chumba kwa chumba. Sijui ipi ni busara zaidi. Najua tu kwamba tulihamia kabla ya plasta, madirisha yakiwa yamezibwa kwa turubai, choo kikiwa kimekamilika kuliko sebule, na mlango mmoja wa mninga wa fahari ambao tuliununua kabla ya kuwa na uwezo wa dari. Watu walitucheka. Lakini mji huu umeona milango ya kuchongwa tangu enzi za misafara, na mume wangu aliapa kwamba hata kama nyumba yote itabaki boma, mgeni atagonga ubao wa maana.

Kwa sababu hiyo watoto wangu hawakukulia katika nyumba moja, ingawa kiwanja ni kimoja. Mwanahawa alijifunza kutembea akishika ukuta mkavu wa tofali, na goti lake lina kovu la jamvi lililokuwa halijasawazishwa. Anajua kila chumba kilipokuwa bado nje. Mdogo wake wa kiume amekuta bati, dari ya upande mmoja, na umeme. Yeye anaamini nyumba huja na swichi. Wakigombana usiku kuhusu nani ana haki ya kitanda cha dirishani, dada hutoa hoja moja tu: wewe ulikuwa hujazaliwa dirisha hili lilipokuwa turubai. Hoja hiyo haijawahi kushindwa.

Na huyu wa tatu amekuja wakati chumba cha mwisho kina kuta bila paa. Siku ya akika wajomba wa mume wangu walipanda treni kutoka Pwani, na wakafika wakiwa wameshaanza matusi, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, utani uliozaliwa kwenye njia hiyohiyo, wapagazi wetu walipokuwa wakipita nchini kwao. Mkubwa wao, mjomba anayeheshimika kiasi kwamba kule Kisarawe hakuna harusi inayofungwa asipokuwapo, alisimama mlangoni na kutangaza kwamba amefuata mizigo yake, wapagazi wako wapi.

Baba yangu akaziba mlango kwa fimbo. "Mtani, babu zenu walitutoza hongo kila tulipopita Uzaramo. Leo ni zamu yenu. Hapa hupiti bure."

"Nitozwe hongo kwenye nyumba ya mpwa wangu?"

"Nyumba ni ya binti yangu. Mpwa wako amekuja na begi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Jina la dini lilikuwa limeshatajwa na shehe asubuhi, hilo halikuguswa. Kilichobaki wazi kilikuwa jina la nyumbani. Mjomba akapita ndani kwa kutoa noti moja, akakizunguka chumba kisicho na paa, akakipima kwa hatua, akarudi na neno lake: atatoa mabati kumi, na mtoto aitwe kwa jina lake.

"Mabati kumi!" Baba akamgeukia mama yangu kama anayeuliza bei ya vitumbua. "Kwa mabati kumi, mtani, mtoto ataitwa hivyo mchana tu. Usiku tutamwita tunavyotaka sisi."

Mama yangu, aliyekuwa amempakata mtoto, hakusema kitu, nami namjua mama yangu akinyamaza. Mjomba akaapa kwa makaburi ya kwao kwamba mabati yatakuja. Mpaka sasa yamefika sita, kwa treni, yamefungwa kamba na kuandikwa jina la mtoto kwa rangi nyekundu, na fundi anasema kwa sita hawezi kuezeka hata upande. Kwa hiyo tunamwita Mjomba kuanzia asubuhi mpaka saa sita, na tunasubiri mabati manne.